Anayetembea kwa Miguu Hahesabiwi

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alipata nafasi ya kusoma ushonaji bila kulipa hata faranga moja. Cherehani bure, kitambaa bure, mwalimu bure, na cheti mwishoni. Nyumbani tulifurahi mpaka jirani akaja kuuliza tuna sherehe gani. Wiki ya tatu akaacha.

Sikumuuliza vizuri. Nilimwambia tu, "Jikaze! Watu wanatafuta nafasi kama hiyo, wewe unaichezea?" Akanyamaza. Baadaye mama yake ndiye aliniambia. Darasa lilikuwa upande mwingine wa mji, bisi mbili kwenda, bisi mbili kurudi. Wiki ya kwanza alikopa tike kwa majirani. Wiki ya pili akawa anapanda bisi asubuhi na kurudi kwa miguu. Wiki ya tatu mvua ya Aprili ikaanza. Jioni moja akaanguka gizani kwenye ngazi za udongo, daftari zote zikalowa, na kesho yake hakuamka kwenda.

Kwenye karatasi ya wale waliotoa mafunzo aliandikwa kwamba ameacha kwa hiari yake. Kwa hiari! Hilo neno bado linaniuma, na linaniuma zaidi kwa sababu hata mimi, ndugu yake, niliamini hivyo.

Ndiyo maana leo naandika juu ya bisi. Najua wengi mtasema kuna mambo makubwa zaidi: chakula, karatasi, shule, kazi. Lakini niambieni, katika hayo yote, ni lipi unaweza kulifikia bila kutoka nyumbani? Hospitali iko mahali. Ofisi iko mahali. Kazi iko mahali. Kati yako na mahali hapo kuna mlima, na kwenye mlima kuna tike.

Niseme kwanza jambo la haki. Kigali hakuna sheria inayomkataza mkimbizi kupanda bisi. Mlangoni hakuna anayeuliza umetoka Burundi, Kongo au Eritrea. Rwanda inaturuhusu kufanya kazi na kuishi mjini, na sote tuna ndugu katika nchi nyingine ambao hawana ruhusa hiyo. Sisemi kuna mtu amekaa ofisini akapanga kutuumiza. Ninachosema ni kwamba haki ya kufanya kazi ng'ambo ya mji, kama huna njia ya kufika huko, ni sawa na ufunguo wa nyumba iliyo ng'ambo ya mto usio na daraja. Ufunguo ni wako kweli. Nyumba huingii.

Shida yetu iko kwenye hesabu. Mtu anayepanga usafiri anahesabu nani? Anahesabu abiria. Ukigonga kadi kwenye mashine, unakuwa namba: umepanda wapi, saa ngapi, njia gani. Namba zikiwa nyingi, njia inaongezewa bisi. Lakini anayetoka nyumbani saa kumi alfajiri na kushuka mlima kwa miguu, hakuna mashine inayomuona. Kwenye hesabu yeye hayupo. Na kwa kuwa hayupo, bisi haiongezwi upande wake. Na kwa kuwa bisi haiongezwi, ataendelea kutembea. Ni duara. Umaskini wa tike unajificha wenyewe.

Tuangalie mji huu ulikotoka, maana wengi wetu tulikuta mambo yameshabadilika. Zamani Kigali ilitembea kwa twegerane, yale mabasi madogo ambayo jina lake tu linakuambia ukae ukibanana na mwenzako. Yalikuwa na kelele na fujo, lakini yalisimama popote na yalipanda kila mahali penye watu. Mwaka 2013 mamlaka ya RURA iligawa mji kwa kanda, kila kanda ikapewa kampuni au ushirika wake, na bisi kubwa zikachukua barabara kuu. Baadaye, kuanzia mwisho wa 2015, ikaja kadi ya Tap&Go. Hapo tulipata mambo mazuri kweli: bei inayojulikana, hakuna kondakta wa kukuibia chenji, hakuna kugombana mlangoni. Nani anataka kurudi nyuma? Siyo mimi.

Lakini bisi kubwa inataka barabara kubwa. Vitongoji vya mlimani, kule nyumba za bei rahisi ziliko, kule sisi tunakopanga chumba kimoja watu sita, havina barabara kubwa. Kwa hiyo utaratibu mzuri ulifika mpaka mwisho wa lami, na kuanzia hapo kila mtu na miguu yake, au na motari kama una pesa.

Halafu ukishafika kwenye kituo, ngoja uone. Bisi inatoka gare ikiwa imejaa. Inakupita. Ya pili inakupita. Mimi nilipokuwa nafanya buyede, kubeba matofali na saruji kwenye majengo, nilikuwa nalipwa faranga 3,000 kwa siku. Tike ya kwenda na kurudi ilikula kama 1,200. Na nikichelewa kwa sababu bisi zimenipita, kapita ameshachukua mwingine, ninarudi nyumbani nikiwa na deni la tike ya asubuhi. Ukifanya hesabu vizuri, kuna siku kukaa kitandani kulikuwa na faida kuliko kwenda kutafuta kazi. Mtu akikuona umelala anasema wakimbizi ni wavivu.

Mwaka 2020, wakati wa Covid, serikali ilianza kulipia sehemu ya tike ili bei isipande kwa abiria. Machi 2024 msaada huo uliondolewa na bei zikapanda. Serikali ilieleza sababu zake, na ilikuwa imeleta bisi mpya kupunguza foleni. Sibishani na hilo. Nasema tu kwamba bei ikipanda, mwenye mshahara analalamika na kuendelea kupanda bisi. Asiye na mshahara halalamiki. Anashuka na kutembea. Na akishuka, tumeona, anatoka kwenye hesabu.

Desemba 2024 likaja jambo ambalo mimi nililisubiri muda mrefu. Walianza majaribio ya kulipa kulingana na umbali, kwenye njia za Kabuga kwenda Nyabugogo na Kabuga kwenda mjini kati. Kabla ya hapo, ukipanda katikati ya njia na kushuka vituo vitatu mbele, ulilipa tike ya njia nzima. Sasa unagonga kadi ukipanda, unagonga tena ukishuka, unalipa ulichosafiri. Huo ni uadilifu, na waliofikiria hilo wapewe heko.

Lakini hata kwenye jambo zuri, angalia nani anabaki nje. Wewe uliyefika Kigali mwezi uliopita huna kadi. Zamani ulikuwa unamwomba mtu, "Naomba unigongee, nikupe pesa mkononi." Wanyarwanda wengi wana roho nzuri, wanakugongea. Lakini kama kadi inatakiwa kugongwa tena wakati wa kushuka, na mwenye kadi anashuka Remera na wewe unaenda mbele, mnafanyaje? Kuongeza pesa kwa simu kunataka laini ya simu, na laini inaandikwa kwa kitambulisho, na kitambulisho bado unakisubiri. Ukisahau kugonga wakati wa kushuka, unakatwa tike ya njia nzima, na tangazo la kukukumbusha huenda hulielewi kwa sababu Kinyarwanda chako bado ni cha kuokoteza. Haya yote si ubaya wa mtu. Ni kwamba wakati wa kupanga, mgeni wa mwezi mmoja hakuwa kwenye meza.

Jambo lingine: leo ukibadilisha bisi, unalipa upya. Kila bisi ina tike yake ya chini. Sasa nani anabadilisha bisi? Siyo anayekaa pembeni ya barabara kuu. Ni sisi wa pembezoni. Kwa hiyo wa mbali analipa umbali, halafu analipa tena kwa kosa la kukaa mbali.

Tena umbali huo mara nyingi hatukuuchagua. Hapa nataka niguse jambo la wenyeji kwanza, ili mtu asidhani nawalilia wakimbizi peke yao. Kule Nyarutarama kulikuwa na vitongoji vya Kangondo na Kibiraro, watu waliviita Bannyahe. Wengi wa waliokaa pale walifanya kazi kwenye majumba na biashara za jirani, wakienda kwa miguu. Mji ukaamua pabomolewe, watu wahamie kwenye nyumba mpya Busanza, upande wa Kanombe. Kulikuwa na kesi mahakamani miaka kadhaa, na 2022 wa mwisho wakaondolewa. Nyumba za Busanza ni za ukuta imara, zina maji na umeme. Lakini nyumba siyo kuta peke yake. Mama aliyekuwa anafika kazini kwa dakika kumi za mguu, akihamishwa ng'ambo ya mji amepewa nyumba na amepewa tike ya maisha. Ile hesabu ya pili haionekani kwenye picha ya uzinduzi.

Kwetu wakimbizi kisa chake kinaitwa Gihembe. Kambi ile ilifunguliwa 1997 pale Gicumbi, karibu na mji wa Byumba. Vijana waliozaliwa pale walijua kila njia ya kwenda sokoni. Ardhi ikaanza kumong'onyoka, mabonde yakawa yanakula nyumba, na 2021 kambi ikafungwa, watu wakapelekwa Mahama, kule Kirehe karibu na mpaka wa Tanzania. Kuwaondoa ilikuwa sahihi, mtu asingoje kuzikwa na tope. Lakini nani alikaa na yule kijana aliyekuwa anauza Byumba, wakapiga hesabu ya wateja wake wako kilomita ngapi kutoka Mahama? Kuhamisha watu ni mpango wa usafiri, hata kama kwenye karatasi umeandikwa mpango wa makazi.

Sasa msiseme naongea ndoto. Kuna miji mingine ya milima na ya watu wa hali ya chini iliyojaribu.

Medellín, nchini Kolombia, ni mji wa milima kama wetu, na waliokimbia vita vya nchi yao wenyewe walijijengea nyumba juu kabisa, ambako bisi hazifiki vizuri. Mwaka 2004 mji ukaweka vibanda vya kuning'inia kwenye waya, vinapanda mpaka juu kwenye kitongoji cha Santo Domingo. Kilichonivutia siyo waya. Ni mambo mawili: walianza na mlima wa maskini, siyo na mlima wa watalii, na ukishuka kwenye kibanda ukaingia kwenye treni ya mji, hulipi tike ya pili. Hili la pili halihitaji waya. Linahitaji uamuzi na programu ya kadi, na kadi Kigali tunayo tayari.

Karibu zaidi, angalieni Nairobi. Matatu zilizaliwa kwa sababu usafiri rasmi haukuwatosha watu wa hali ya chini. Zilikuwa za magendo mpaka 1973, Kenyatta alipoziruhusu. Zikabeba mji mzima, lakini hazikuwa kwenye ramani yoyote. Ndipo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa vyuo vya Marekani, wakapanda matatu wakiwa na simu mkononi, njia zaidi ya 100, wakiandika kila kituo. Mwaka 2014 ramani ikatoka, na serikali ya mji ikaikubali kuwa ramani rasmi. Vijana, simu, na subira. Kitu kisichohesabiwa kilihesabiwa.

Hapo ndipo ninapotaka kutupeleka.

Kwanza kwenu dada na kaka wa mashirika. Tunajua misaada imepungua, mwaka 2025 tumeona wenyewe. Kwa hiyo siombi magari. Naomba mambo ambayo mengi hayana gharama. Mnapochagua mahali pa mafunzo, mtuulize kwanza tunakaa wapi. Msichague ukumbi kwa sababu uko karibu na ofisi yenu. Mnapopanga saa, mkumbuke kwamba saa mbili asubuhi kwa anayetembea ni kuamka saa tisa usiku, na kwa msichana hiyo ni hatari. Mnapoandika bajeti ya mafunzo, tike iandikwe pamoja na mwalimu na kitambaa, isiwe kitu cha "kama itabaki". Afadhali wanafunzi 20 wamalize kuliko 30 waanze na 12 wamalize. Na kwenye zile fomu zenu, pale palipoandikwa sababu ya kuacha, ongezeni mstari mmoja: umbali. Mstari mmoja tu. Mngeshangaa.

Na mwenzetu anayetembea kwa magongo msimwite mkutanoni ghorofa ya tatu, halafu mkamrudishia pesa ya bisi wakati bisi hawezi kupanda ngazi zake. Yeye anahitaji moto au gari, na hiyo siyo starehe.

Pili kwa wapangaji wa mji. Mpango Mkuu wa Kigali wa 2050 unaongelea watembea kwa miguu na baiskeli na bisi za njia maalumu. Tunaufurahia. Mji ulishaonyesha kwamba unaweza: kule Agatare na Biryogo, vijia vya udongo viligeuzwa kuwa njia nzuri, na mifereji na taa, bila kuwafukuza watu wote. Ombi letu ni kwamba siku moja mje mhesabu watu alfajiri, chini ya mlima, siyo kwenye gare. Ngazi moja yenye taa na ukuta wa kushika inaweza kumpeleka kazini mtu ambaye bisi kumi mpya hazitamfikisha. Tena tangu 2016 tuna siku ya kutembea bila magari. Jumapili wakubwa wanatembea kwa ajili ya afya, nasi tunawapungia mkono. Sisi tunatembea siku nyingine zote. Tungependa siku moja tutembee pamoja njia yetu.

Tatu kwetu sisi vijana. Najua jibu ambalo wengi tumelelewa nalo: "Sisi wageni, tunyamaze, tusionekane tunalalamika." Wazazi wetu walikuwa na sababu ya kusema hivyo. Lakini kuuliza ngazi iwekwe taa siyo siasa. Ile ngazi aliyoanguka mdogo wangu, asubuhi yake hupandwa pia na mama Mnyarwanda anayeuza parachichi, na mlinzi anayerudi kutoka lindo, na watoto wa shule. Hatuombi bisi ya wakimbizi. Tunaomba bisi ya mlima ule. Mwenye mguu unaouma siyo lazima awe na kitambulisho cha HCR.

Kwa hiyo hili ndilo pendekezo langu kwa kikundi chetu. Kwa wiki moja, kila mmoja wetu aandike kwenye simu: ametoka saa ngapi, ametembea dakika ngapi, bisi ngapi zimempita, amelipa kiasi gani, na wapi ameshindwa kwenda kwa sababu ya tike. Hicho cha mwisho ndicho muhimu kuliko vyote, kwa sababu ni safari ambayo haikufanyika, na hakuna mashine ya kuiona. Tukiwa watu 30 kwa siku 7 tutakuwa na kurasa 210. Tuzipange, tuzitafsiri kwa Kinyarwanda kizuri, tuzipeleke kwenye inteko y'abaturage ya mtaa wetu, ile mikutano ya wakazi ya kila wiki, na nakala tuwape mashirika. Tunaenda umuganda Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tunashika jembe na majirani. Basi na kwenye mkutano tukae nao, tuseme nao.

Labda watatusikiliza, labda watasema tusubiri. Lakini hakuna atakayeweza tena kusema hakujua.

Mdogo wangu bado yupo nyumbani. Anashona kwa mkono, nguo za watoto wa jirani, na anashona vizuri. Juzi nilimwomba msamaha kwa lile neno la "jikaze". Akacheka, akasema, "Kaka, mimi nilijikaza. Mlima ndio haukulegea." Nikamwambia yeye ndiye atakuwa wa kwanza kuandika kwenye ile hesabu yetu. Ameshaanza. Ukurasa wake wa kwanza una mstari mmoja: safari ambayo haikufanyika, ushonaji, wiki ya tatu.